Mwalimu na Meza Kuu Yake

Sitamtaja jina. Si kwa adabu, wala si kwa kuogopa kupelekwa baraza la kata. Jina lake analipenda kuliko chakula: analipenda likisomwa kwenye kipaza sauti, likiandikwa kwenye bango, likitangulia majina ya wengine kwenye kadi ya mwaliko. Kwa hiyo mimi nitamnyima. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sisi wa Unyambwa na kama nusu ya mji wa Singida inavyomwita mpaka leo. Walimu wako wengi, mtamtafuta mpaka mchoke.

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Shuleni alifundisha hesabu na jiografia pia, ila hakuna anayemkumbuka kwa hayo, na nadhani hata yeye hakumbuki. Kwaya ndiyo iliyokuwa kazi yake, na tulipokua tukawa watu wazima akawa mwenyekiti wa umoja wa kwaya zote za upande wetu, za madhehebu yote, jambo ambalo hata wachungaji walikuwa hawajaliweza. Nilianza kuimba chini yake nikiwa darasa la nne, sauti ya pili, na niliendelea mpaka siku aliyonifukuzisha kwa maneno yake mbele ya watu.

Alivaa koti. Jua likiwaka alivaa koti, upepo wa kipupwe ukivuma alivaa koti lile lile la kahawia, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Alitembea na leso mbili, moja ya jasho na moja ya viatu. Akifika kwenye uzio wa mtu alisimama kwanza, akafuta vumbi la viatu, akakohoa, ndipo akaingia kama mtu aliyesubiriwa tangu asubuhi. Shikamoo ya mtoto aliisubiri. Mtoto akiisahau, Mwalimu hakugomba. Alirudi hadi kwenye uzio, akakohoa upya na kuingia mara ya pili, ili mtoto apate nafasi ya kujisahihisha. Nimemwona akifanya hivyo mara tatu mfululizo kwa mtoto wa jirani yetu aliyekuwa mkaidi kuliko yeye, na kwa siku ile tu nilimpenda yule mtoto kuliko ndugu zangu.

Nisiwe mwongo, alikuwa na sikio. Katikati ya kwaya nzima inayoimba kwa nguvu zote alikuwa akiinua kidole, tukanyamaza, kisha akasema, "Alto wa mwisho pale ukutani, umekula karanga." Alto wa mwisho pale ukutani nilikuwa mimi, na karanga nilikuwa nimekula, zimebaki kooni. Hakuwahi kukosea. Akikosewa alitukana kwa Kinyaturu na kuomba radhi kwa Kiswahili, akisema Mungu anasikia Kiswahili zaidi siku za mazoezi. Tulicheka, tukaimba tena, na wimbo ukakaa.

Na nisiwe mwongo mara ya pili: mama yangu alipofariki, Mwalimu alikuja kwa miguu na kwaya nyuma yake, mvua ikinyesha, bila kuitwa na mtu. Walisimama makaburini wakaimba mpaka udongo wa mwisho. Koti lake lilikuwa limelowa likashikamana na mwili wake, naye akawa anaongoza kwa mkono mmoja huku mwingine ameniwekea begani. Ningependa kulisahau hilo, maana linanisumbua ninapotaka kumchukia kwa utulivu. Nimejaribu na sijaweza, kwa hiyo namchukia hivyo hivyo, nalo likiwemo.

Alikuwa na msemo wake: sauti haina mwenyewe. Aliusema akitufundisha tusiringe. Mwenye sauti nzuri akianza kujitanguliza, Mwalimu alimwambia hivyo, naye akarudi kwenye mstari. Ilinichukua miaka kugundua kwamba msemo huo ulikuwa na kazi nyingine. Aliwahi kuja mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Manyoni, Mgogo, aliyekuwa akilala kwa shemeji yake hapa kwetu. Yule mzee alikaa nje ya chumba cha mazoezi na zeze lake, akapiga wimbo wa kuita mvua ambao ulitunyamazisha sote. Mwalimu akamkaribisha, akampa chai, akamwomba aurudie na aurudie tena. Pasaka ile tuliuimba kanisani kwa sauti nne, na mtangazaji akasema umetungwa na Mwalimu. Mzee alikuwa amekaa benchi la nyuma. Baada ya ibada alimfuata na kumuuliza kwa upole, na Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akatabasamu, akamwambia, "Mzee wangu, sauti haina mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, na nilicheka. Nilidhani ni hekima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini kitu alichokipenda kuliko nyimbo, kuliko hata jina lake, kilikuwa meza kuu. Kila mtu wa huku anajua meza kuu ni nini: sofa mbili tatu zilizoazimwa kwenye nyumba ya mwenye uwezo, meza yenye kitambaa kilichokunjwa marinda, maua ya plastiki, maji ya chupa, na turubai juu ili mgeni rasmi asiguswe na jua. Sisi wengine tunakaa kwenye viti vya plastiki au nyasi. Mwalimu hakuweza kuwa kwenye shughuli akakaa kwingine. Kwenye harusi ya mpwa wangu hakuwa amepangiwa, basi alisimama pembeni ya sofa, akifuta viatu, mpaka baba mdogo wa bwana harusi akaona aibu na kunyanyuka. Alikuwa akituambia kwamba kwaya bila meza kuu ni mazoezi tu.

Sasa nieleze kazi yangu, ndipo mtaelewa chuki yangu.

Mimi ni fundi wa mianzi, na sisemi hivi kwa unyenyekevu, mimi ni fundi mzuri. Niliisomea kazi hii nyanda za juu kusini, kwenye mianzi inayogemwa ulanzi, nikarudi Singida mjini, Utemini, nikafungua kibanda cha viti na vitanda. Mwalimu alikuwa akiniita "binti wa vitanda," na wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kichwani kwangu kulikuwa na kitu kingine. Miaka yote niliyoimba alto nilijua siri moja ambayo kila mwanakwaya anaijua: mahali pazuri kuliko pote pa kusikilizia kwaya ni katikati ya kwaya yenyewe. Besi inakuja kwenye miguu, soprano inapita juu ya kichwa, na wewe uko ndani ya wimbo. Msikilizaji hajawahi kupewa mahali hapo. Anakaa mbele, anatazama, anapata mabaki.

Nikataka nimjengee. Nilichora jengo la mianzi la duara, la nje, lisilo na mbele wala nyuma. Katikati ardhi inachimbwa kidogo, wasikilizaji wanakaa humo kwenye ngazi za chini. Waimbaji wanawazunguka pande zote, wakiwatazama. Na juu yao mianzi mikavu ya urefu tofauti inaning'inia, kila mmoja ukiitika sauti yake. Hakuna spika, kwa kuwa sauti inazunguka yenyewe. Mchoro niliupeleka kwa Mwalimu, nyumbani kwake, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alisema, "Binti, hili ni la umoja wa kwaya," na mimi nikafurahi, nikadhani amesema ndiyo.

Alisema ndiyo kweli, na kiwanja kikapatikana Unyambwa. Tulikata mianzi kiangazi, wakati utamu umeshuka mizizini, tukailaza kwenye maji ya chumvi ya ziwa ili wadudu wasiitoboe, tukaianika kivulini. Viungo nilivifunga kwa mikanda ya ngozi mbichi ya ng'ombe, kama wazee walivyofunga mapaa ya zamani; ngozi ikikauka inabana kuliko waya. Na juu kabisa, pale ukuta unapokutana na paa, nilizungusha mshipi mmoja wa mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, duara zima bila kukatika. Mshipi huo ndio uliolishika jengo. Nilimwambia kila aliyefika pale, Mwalimu akiwemo, kwamba hili ni kama ukingo wa kikapu: ukiukata mahali pamoja, kikapu kimekwisha. Upepo wa Singida mnaujua, si upepo wa kufanyia mzaha.

Siku moja kabla ya uzinduzi nilikwenda Iguguno kufuata ngozi. Niliporudi nilikuta upande wa mashariki umefumuliwa. Mwalimu alikuwa amesimama pale na koti lake, vijana wawili wana msumeno, na pengo lilikuwa la kupitisha lori. Mshipi umekatwa.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Meza kuu itakaa wapi, binti? Mgeni rasmi tumweke shimoni na watu?"

"Ndiyo, shimoni na watu. Ndiyo maana ya jengo."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Jengo lisilo na mbele halina heshima," akasema, na akaamuru sofa ziletwe.

Nililia, nikabishana, nikaiendea kamati ya umoja. Kamati ikaniambia Mwalimu ni mtu mzima. Uzinduzi ukafanyika na spika mbili kubwa zikafungwa kila upande wa pengo, kwa kuwa mgeni rasmi lazima asikie. Mtangazaji akasema jengo limebuniwa na Mwalimu. Alisimama, akainama, akapigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa alto. Nilimtazama, naye akanitazama, na hakuona haya.

Agosti upepo ulikuja kutoka mashariki kama kawaida yake, ukaingia kwenye lile pengo, ukalinyanyua paa na kulilaza upande. Wanakwaya walikuwa kwenye mazoezi. Wengi walikimbia. Mama mmoja wa sauti yetu, jirani yangu pale mstarini, aliangukiwa na nguzo akavunjika mkono, na mkono huo haukunyooka tena.

Kamati ikakutana. Nilikwenda na kipande cha mshipi kilichokatwa, nikakiweka mezani, mkato wa msumeno ukionekana wazi. Mwalimu hakukigusa. Alisimama, akafuta miwani, akasema kwa sauti yake ya kufundishia, taratibu: "Mimi nilichora, binti alifunga. Mchoro haukuanguka. Kilichoanguka ni kamba."

Watu wakageuka kunitazama. Yule mama mwenye mkono uliovunjika alikuwa pale na bandeji, naye pia akanitazama, na siku ile ile jina langu likafutwa kwenye kwaya.

Mnajua fundi anavyokufa? Hafi kwa kukosa kazi. Anakufa pale mteja anapofika kibandani kwake na kutikisa kiti kabla ya kukaa. Utemini yote ikaanza kutikisa viti vyangu. Mwenye duka mmoja wa Kihindi, mzee wa heshima aliyekuwa akininunulia tangu mwanzo, alinirudishia kitanda cha mtoto, akaniomba radhi huku anakirudisha. Nikafunga kibanda. Nilimchukia Mwalimu kwa namna ambayo sikujua ninayo, nikiamka nayo na kulala nayo. Waswahili wanasema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Nilikuwa nikikutana naye sokoni, nampa shikamoo, anaitikia marahaba kwa furaha kabisa. Alikuwa ameshasahau.

Nikahamia Iguguno, ambako watu walikuwa hawajasikia habari zangu au hawakuwa na muda nazo. Nikawatengenezea vichanja vya kukaushia mahindi, kisha paa la mgahawa wa mama mmoja pale barabarani, ambalo upepo umelijaribu miaka na miaka na halijasogea. Watu wakaacha kutikisa. Mwishowe akina mama wanaoimba baada ya mavuno ya alizeti wakaniomba mahali pao pa kuimbia, nami nikawajengea duara. Safari hii, nilipokwisha kuufunga mshipi, nililala chini yake kuulinda mpaka siku ya uzinduzi.

Kamati ya Iguguno, kama kamati zote, ikauliza meza kuu itakaa wapi. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, nimeshaipangia mahali. Wakauliza mgeni rasmi awe nani. Nikawaambia namjua mwalimu mstaafu wa kwaya, mtu mkubwa, tumwalike. Walinishukuru kwa kuwa na moyo safi.

Meza kuu niliipanga nje ya duara, upande wa mashariki, juu ya kichuguu nilichokisawazisha vizuri. Kutoka pale unaona kila kitu mpaka shimoni. Lakini kati yako na waimbaji kuna ukuta wa mianzi mara mbili uliojazwa udongo na majani; waimbaji wa upande huo wanakupa mgongo; upepo unatoka nyuma yako na kuichukua sauti kuipeleka magharibi; na turubai juu ya kichwa chako linapigapiga. Nilikaa pale mara nyingi wakati wa mazoezi kuhakikisha. Nilikuwa naona midomo tu. Niliazima sofa nzuri kuliko zote Iguguno.

Alifika. Amezeeka, koti limekuwa pana. Alisimama kwenye uzio, akafuta viatu, akakohoa, akapelekwa kwenye sofa la katikati, uso wake uking'aa. Kwaya zikaimba. Ndani ya duara watu walikuwa wanafumba macho, wengine wanalia. Yule mama wa mkono uliovunjika alikuwepo, nilimwalika mwenyewe, amekaa chini kabisa katikati. Baada ya nyimbo kadhaa nikapanda kichuguuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Karibu ukae." Alisema hivyo kama kwamba sofa ni lake.

"Nyimbo unazionaje?"

Akaniinamia. "Binti, masikio yameniacha. Turubai nalisikia. Wewe nakusikia. Kwaya siisikii. Nawaona wanafungua midomo, nawaona watu wanalia, mimi sipati kitu. Mungu kaniachia turubai, nyimbo kazichukua."

"Afanye hivyo kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ule mshipi wa Unyambwa niliukata mimi." Akafuta macho kwa leso ya viatu. "Kamba zako zilikuwa nzima."

Miaka yote nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na yakatoka mahali ambapo hakuna mwingine aliyeweza kuyasikia. Nilisikia raha, nisidanganye. Ila raha yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitarajia, na nikaona haitoshi.

"Si Mungu, Mwalimu," nikamwambia. "Ni mimi. Nimekuweka mahali ambapo sauti haifiki. Masikio yako mazima."

Alinitazama, akatazama ukuta, turubai, mgongo wa besi. Akaelewa yote, na polepole akaanza kutabasamu. "Basi nilikufundisha vizuri," akasema.

Hata hilo alilitaka liwe lake.

"Nipeleke ndani, binti. Nisikie hata wimbo mmoja."

"Nitakupeleka. Hotuba yako ndiyo inayofuata. Waambie watu kama ulivyoniambia mimi, nani alichora na nani alikata. Yule mama yuko pale chini. Ukimaliza nitakushika mkono mwenyewe mpaka katikati, na wimbo wa mwisho utausikia wote."

Mtangazaji akamwita kwa jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Mwalimu akanyanyuka, akachukua kipaza sauti, akamwona yule mama. Najua alimwona, kwa sababu alinyamaza. Watu wote wa duara walikuwa wamegeuza nyuso kumtazama. Akamshukuru mwenyekiti wa kijiji, akaishukuru kamati, akawapongeza akina mama wa alizeti. Kisha akasema kwamba yeye, akiwa mmoja wa waasisi wa sanaa hii ya mianzi katika mkoa wetu, amefarijika sana kuona vijana wanaiendeleza. Akapigiwa makofi. Akarudisha kipaza sauti na kukaa kwenye sofa, akaunyoosha mkunjo wa kitambaa cha meza, na hakunitazama.

Nikashuka peke yangu, nikaingia shimoni, nikakaa karibu na yule mama. Wimbo wa mwisho ukaanza, besi ikaja kwenye miguu, mianzi juu yetu ikaitika, na watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Nikatazama juu ya ukuta. Mwalimu naye alikuwa anapiga makofi, ameinama mbele, ameikodolea macho mikono yetu ili ajue wakati wa kupiga, na kila mara alikuwa anachelewa. Yule mama akamwona, akanigusa kwa mkono wake uliopinda, akaanza kucheka, na waliokaa jirani nao wakacheka. Sikuwazuia.